Mkia wa GX

Gari la kupeleka vifaa kambini halina uzito mmoja. Linatoka Arusha limeshiba: maji, madumu ya dizeli, mitungi ya gesi, mahema, magodoro, friji, na mpishi aliyejibanza kando ya magunia ya viazi. Linarudi na taka, mitungi mitupu, na pengine mbuzi ambaye dereva kamnunua njiani kwa bei ya kirafiki. Kwa aliyesanifu springi hayo ni magari mawili tofauti, na yeye alilazimika kuchagua moja.

Niliendesha gari la namna hiyo kwa miaka kadhaa. Lilikuwa Toyota Land Cruiser GX, muundo wa 80 wa miaka ya 1990, injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na turbo, injini ambayo haina haraka wala kinyongo. Mwenye gari alikuwa mama mmoja mwenye kambi ndogo za mahema. Sote tulimwita Mama, na yeye gari lake aliliita Mzee. Huyo Mzee alikuwa na tabia iliyomchosha kila mtu: akipakiwa, mkia unakaa chini na pua inatazama mbinguni. Usiku kwenye barabara ya Babati, madereva wa malori yaliyotukabili walituwashia taa kamili kwa hasira wakidhani nasi tumewasha zetu. Kumbe zetu ni za chini, ila mkia ndio uliozinyanyua. Na akiwa mtupu alilalia upande wa kulia, kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo kwenye mkono mmoja.

Wenzetu wenye Land Cruiser za muundo wa 70, hizi zinazorefushwa kwa ajili ya watalii, shida hii wana dawa yake mtaani. Nyuma wana springi za mabamba. Mkia ukishuka, fundi anafungua u-bolti, anaongeza bamba, anafunga, anadai hela yake. Muundo wa 80 una koili pande zote nne, na koili haina bamba la kuongeza. Range Rover ilianza na koili tangu mwaka 1970, Land Rover 110 ikaja nazo mwaka 1983, na aliyewahi kukaa kwenye Land Rover ya mabamba kutoka Mto wa Mbu hadi Engaruka, kisha akapita hapo hapo na ya koili, hahitaji kuelezwa tofauti. Kiuno chake kinaijua. Lakini koili laini inayomeza mashimo ndiyo hiyo hiyo inayochuchumaa ukipakia.

Dawa ya mtaani kwa koili ni raba. Zipo zinazouzwa madukani, zipo zinazokatwa kwenye tairi kuukuu, na zote zinachomekwa katikati ya mizunguko ya koili. Gari linanyanyuka papo hapo na dereva anaondoka anapiga mluzi. Kilichofanyika ni kuizuia mizunguko miwili mitatu isifanye kazi, na kazi yake kutwishwa ile iliyobaki. Koili inakuwa ngumu bila kuwa na nguvu, na chuma kinateseka zaidi pale raba inapoishia. Koili nyingi zilizokatika nilizoona kwenye chuma chakavu cha gereji yetu zilikuwa na alama nyeusi ya raba jirani na mkatiko. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Spesa ni kitu tofauti. Haigusi mizunguko. Inakaa kati ya ncha ya koili na kikalio chake, inaisukuma koili nzima chini, na gari linapanda kwa unene wa spesa. Za kawaida ni pete za plastiki ngumu au alumini zenye unene mmoja: milimita 20, 30, 50. Ukiweka ya 30 umepata 30, uipende usiipende. Za kurekebishwa nilikuwa sijaziona hadi siku Jeep Wrangler moja iliyotoka Nairobi iliposimama pale gereji kwa tatizo la bushi. Juu ya kila koili ya nyuma palikuwa na bomba fupi nene la alumini lenye hesi kwa nje, na juu ya hesi hizo imepita pete pana yenye mikato pembeni ya kushikia spana ya ndoano. Ile pete inaikalia koili. Zungusha pete, gari linapanda au linashuka. Skrubu ndogo inaikaza isijizungushe yenyewe. Wenye Wrangler kule Marekani wanazinunua dukani zikiwa tayari, na mwenye gari lile alitushangaa tulivyochungulia mkia wa gari lake badala ya kushughulikia bushi zake.

Mama alipoelezwa aliuliza maswali mawili tu: itagharimu kiasi gani, na nani ataitengeneza. Kwa GX yake hapakuwa na cha kununua karibu. Ikabidi twende kwa mkerezaji.

Mkerezaji yule ana karakana ndogo yenye mashine moja kubwa ya kijani, ya zamani, na kila anachokikereza anakikereza kwa mazungumzo. Tulimpelekea raba ya kikalio cha juu cha koili, kipimo cha ndani na cha nje, na mchoro niliouchora nyuma ya risiti. Alibishana nasi kuhusu hesi. Sisi tulitaka hesi ndogo ndogo ili marekebisho yawe ya taratibu. Yeye alisema hesi nyembamba za alumini zikibeba robo ya gari huku zinatikiswa kutwa nzima, zitasagika. Akakereza hesi pana zenye kitako bapa, duara moja milimita 3. Hapo nilielewa mantiki ya kifaa chenyewe: kwenye ekseli nzima, koili zote mbili zikipandishwa sawa, gari linapanda sawa na pete ilivyoshuka, milimita kwa milimita, kwa sababu koili inasimama juu ya ekseli yenyewe. Mbele kwenye magari yenye magurudumu yanayojitegemea hesabu ni nyingine, maana hapo koili inakaa katikati ya mkono, na milimita chache za spesa zinageuka nyingi kwenye gurudumu.

Jambo lingine alilolifikiria yeye, si sisi: pete inapozungushwa isizungushe na koili. Ncha ya koili ina mahali pake kwenye kikalio, na ikihama hapo koili inakaa kombo. Akatuchongea washa nene za nailoni za kukaa kati ya pete na koili. Hakuzitoza.

Tuliporudi gereji na mzigo wetu, nilidhani kazi itaanza mara moja. Fundi mkuu, mzee tuliyemwita Babu, aliziweka spesa mezani, akazifunika na kitambaa, akaomba mpira wa maji. Si wa kuoshea gari. Ule mwembamba, unaopitisha mwanga, ambao mafundi ujenzi wanautumia kusawazishia msingi. Akaupima usawa wa sakafu yake mwenyewe aliyoifanyia kazi miaka yote ile, akagundua imeinama kuelekea mlangoni, akatafuta mahali pengine ndani ya banda panapokaa sawa, akachora kwa chaki magurudumu manne yatakapokaa. Kisha akajaza upepo wa tairi, nyuma sawa na nyuma, mbele sawa na mbele. Kisha akaagiza gari lisukumwe mbele na nyuma mara kadhaa ili koili zitulie, maana gari lililotoka kwenye jeki halikai pale pale lilipokuwa. Ndipo akatoa futi. Hakupima kutoka chini. Alipima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, ili tairi lililoisha lisimdanganye.

Nyuma kulia palikuwa chini kwa milimita 18 kuliko kushoto.

Mama alifika adhuhuri. "Shikamoo Babu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mbona hamjafungua hata nati?"

"Gari halijasema linaumwa wapi."

Alichofanya baada ya hapo nimekiona kwa mafundi wachache sana, na ndicho ninachokithamini kuliko spesa zote. Aliingiza jeki mbele, katikati kabisa ya gari, chini ya mwamba wa chasisi unaounganisha pande mbili, akanyanyua hadi koili za mbele zikaacha kubeba chochote cha maana. Sasa pua ilikuwa imesimama kwenye nukta moja, kwa hiyo mbele haikuwa na la kusema kuhusu kulala kwa gari. Upande wa nyuma peke yake ndio ulioamua. Akapima tena. Ile tofauti ya 18 ikashuka hadi 10. Maana yake karibu nusu ya kulala kule kulitoka mbele: koili ya mbele kulia ilikuwa imechoka, ikalivuta gari zima na kuonekana nyuma. Kama tungezungusha pete ya nyuma kulia hadi bodi ikae sawa kwa macho, tungelificha tatizo na kuhamishia uzito kwenye pembe ya mbele kushoto. Gari lingeonekana limenyooka, na kwenye breki lingevuta.

Kwa hiyo koili za mbele zilibadilishwa kwanza. Mama alilalamika, kwa haki, kwamba alikuja kufunga kitu nyuma na ametozwa cha mbele.

Kufunga kwenyewe hakuna ajabu kwa aliyezoea. Magurudumu ya mbele yanawekewa mawe. Chasisi inanyanyuliwa nyuma na kukalishwa kwenye stendi imara, jeki nyingine inashikilia ekseli chini ya difu. Zinafunguliwa shokapu kwa chini, viungo vya stabilaiza, na fimbo ya Panhard upande mmoja, kisha ekseli inateremshwa pole pole. Pole pole kwa sababu kuna vitu vitatu visivyopenda kuvutwa: mpira wa breki, mpira mwembamba wa kupumulia difu, na waya zozote zilizopita hapo. Msaidizi mmoja kazi yake iwe kuvitazama hivyo tu. Ekseli ikining'inia vya kutosha, koili za GX zinatoka kwa kusukumwa na mguu, bila kifaa cha kuzibana. Spesa inapanda juu na raba yake, washa ya nailoni, koili inarudi na ncha yake mahali pake, ekseli inapandishwa.

Hapo kuna tabia moja ya gereji nyingi ninayoichukia. Bolti za bushi, iwe za fimbo ya Panhard au za mikono ya ekseli, zinakazwa gari likiwa bado hewani, ekseli inaning'inia, kwa kuwa ni rahisi kuzifikia. Raba ya bushi inashikwa na chuma katika mkao ule. Gari likishushwa, raba inabaki imesokotwa muda wote, usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Inapasuka kabla ya wakati wake, na mwenye gari anaambiwa bushi za siku hizi ni feki. Babu alizishika bolti kwa mkono tu, akalishusha gari kwenye magurudumu, akalitikisa, kisha akaingia chini kukaza akiwa amelala kwenye kipande cha boksi. Umri wake na ule uvungu havikupatana, lakini hakumwachia mtu.

Tukiwa bado hapo chini akanionyesha kifimbo chembamba kilichotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ndogo kwenye chasisi. Madereva wengi wa magari haya hawajui kipo. Kazi yake ni kuiambia breki kama gari lina mzigo. Mkia ukishuka, kifimbo kinapanda, vali inaruhusu mafuta ya breki kwa nguvu zaidi kwenda nyuma. Mkia ukiwa juu, vali inaamini gari ni tupu na inapunguza nguvu za nyuma ili magurudumu yasijifunge na gari kuzunguka. Sasa wewe umeweka spesa ya milimita 30. Umepakia, mkia umeshuka, lakini kwa sababu ya spesa uko juu kuliko inavyotarajiwa, na vali inasoma nusu ya mzigo. Breki za mbele zinabeba kazi isiyo yao. Barabarani tambarare hutalijua hilo. Utalijua ukiwa na mzigo kwenye zile kona za kushuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, ziwa Manyara liko chini kulia, na harufu ya pedi inaingia dirishani. Babu alikipandisha kishikio cha kifimbo kwenye ekseli kwa kiasi kile kile tulichopandisha gari. Kazi ya dakika chache, bolti mbili, na sijawahi kuona karatasi ya spesa yoyote ikiitaja kwa maandishi makubwa.

Fimbo ya Panhard nayo ina neno lake. Ndiyo inayoizuia ekseli isiende kushoto na kulia, na kwa kuwa imeshikwa chasisi upande mmoja na ekseli upande wa pili, gari likipanda ekseli inahama pembeni kidogo. Kwa kiasi chetu zilikuwa milimita chache ambazo hakuna anayeziona isipokuwa anayezitafuta. Anayepandisha sana inabidi atafute fimbo ya kurefushwa. Land Rover Defender haina kero hii nyuma, kwa kuwa ekseli yake inashikwa juu na pembetatu yenye kiungo cha mpira katikati. Waingereza walikosea mengi kwenye gari lile, lakini hapo hawakukosea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hadi leo nabishana nalo vijiweni. Watu wanaamini gari lililonyanyuliwa kwa spesa limeongezewa uwezo wa kubeba. Halijaongezewa hata kilo.

Chukua hesabu nyepesi. Dumu la lita 20 la maji ni zaidi kidogo ya kilo 20. La dizeli, mafuta yenyewe ni karibu kilo 17. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijumlisha na chuma chake unakaribia 30. Ukishapanga vitu hivyo nyuma pamoja na friji, kilo 300 unazifikia kabla hujamkaribisha mpishi. Tuseme koili yako inabonyea milimita 1 kwa kila kilo 3. Kilo 300 zikigawanywa pande mbili ni 150 kila upande, yaani milimita 50. Mkia unashuka 50 bila spesa, na ukiwa na spesa unashuka 50 vile vile. Tofauti ni mahali ulipoanzia. Koili haijui kwamba spesa ipo.

Ulichopata ni nafasi: ekseli ina milimita 30 zaidi za kupanda kabla ya kupiga raba ya kugotea. Hilo si dogo kwenye barabara ya Naabi kwenda Seronera ikiwa imejaa mabati, pale gari zima linapotetemeka kama lina homa na kila kitu ndani kinatafuta pa kutokea. Lakini hata nafasi hiyo ina deni. Umbali kati ya vikalio viwili ekseli inapofika kwenye raba ni ule ule wa kiwandani, na sasa spesa imekaa humo ndani na kula milimita 30. Koili itabanwa 30 zaidi ya aliyoipangia msanifu, na kama ina mizunguko mingi, mizunguko inagusana chuma kwa chuma kabla raba haijafanya kazi. Mlio wake hauchanganyiki na mwingine. Kwa hiyo tuliweka vipande chini ya raba za kugotea ili ziguse mapema, na sehemu ya nafasi tuliyoinunua tukairudisha.

Kwa upande wa pili kuna shokapu. Urefu wake haukubadilika. Gari tupu lililopandishwa 30 limekwisha tumia 30 za shokapu kabla hata halijatoka getini. Ukiruka tuta, ekseli inaning'inia, shokapu inafika mwisho, inagota. Ikigota mara nyingi, inakuwa ndiyo kamba inayoshikilia ekseli nzima yenye difu na magurudumu mawili, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Shokapu ndefu kidogo ilitibu hilo. Ukijumlisha koili za mbele, shokapu, vipande vya raba na kazi ya mkerezaji, Mama alikuwa na kila sababu ya kuniuliza kama ile Wrangler ya Nairobi isingeweza kwenda gereji nyingine.

Tatizo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia lilitoka bonde la Ziwa Natron. Kambi moja ya Mama ilikuwa upande wa Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti yenye sodiamu. Majivu yake na vumbi la bonde lile vimejaa magadi, haya haya tunayotilia maharage yaive haraka, na mvua ikinyesha yote hayo yanakuwa tope jeupe linalorushiwa uvunguni. Alumini ina ngozi nyembamba ya oksaidi inayoilinda na mambo mengi, lakini magadi yanaiyeyusha ngozi hiyo. Baada ya msimu wa mvua pete zilikuwa zimeota ukoko mweupe, hesi zimelika, na ya kushoto ilikataa kabisa kuzunguka. Babu aliipasha moto, akaimwagia mafuta ya kupenyeza, akaipiga taratibu kwa nyundo ya shaba, na mwishowe akaikata kwa msumeno akiilaani kwa heshima.

Mkerezaji alitengeneza seti ya pili ya chuma. Ni nzito zaidi, na mtu wa Wrangler angeicheka. Hesi zilipakwa grisi ya shaba, na sehemu ya hesi iliyobaki wazi ikavishwa kipande cha tyubu ya ndani ya tairi la lori, kimebanwa na klipu juu na chini. Ile tyubu ilifanya kazi kubwa kuliko grisi. Kila gari likirudi kutoka bonde lile tuliliosha uvungu kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, na hata bila spesa ningemshauri mtu afanye hivyo.

Habari za spesa zetu zilienea kwa madereva wengine, na kila aliyekuja kuziona alikuja na ndoto moja: atazipandisha akipakia, atazishusha akirudi mtupu. Nami ningependa maisha yawe hivyo. Lakini pete haizunguki ikiwa imebeba gari. Ukilazimisha unasaga hesi. Ni lazima unyanyue chasisi hadi koili ilegee, na porini kufanya hivyo ni kuweka jeki juu ya mchanga, nyuma ya gari lenye mzigo, kisha kuingiza mikono juu ya ekseli inayoning'inia. Hata ukifanikiwa, umebadilisha mkao bila kugusa kile kifimbo cha breki, wala taa. Dereva mmoja jasiri alinijibu kwamba yeye atafanya hivyo kambini, watalii wakiwa wamelala. Nilimwambia, kaka, lala na wewe.

Urekebishaji wa kifaa hiki ni wa gereji. Umekusudiwa kutafuta urefu sahihi wa gari moja lenye mzigo wake wa kawaida, kusawazisha kushoto na kulia, halafu kukaza skrubu na kusahau. Anayetaka kufuatana na mzigo safari kwa safari ana mifuko ya hewa inayoingia ndani ya koili na kujazwa kwa pampu ya tairi. Inafanya hasa kile watu wanachodhani spesa inafanya, kwa sababu hewa nayo inabeba. Ina udhaifu wake: jiwe kali, mpira wa hewa unaosuguana na chasisi, dereva anayesahau kuipunguza. Lakini ni jibu la swali lile, na spesa ni jibu la swali jingine. Na kama mzigo wako ni mzito kila siku, swali lako ni la tatu: unahitaji koili nzito zaidi, basi.

GX yetu ilikuwa kwenye kundi hilo la tatu, na Babu alilisema tangu mwanzo kwa sauti ndogo ambayo Mama hakutaka kuisikia. Koili nzito zilipopatikana, alizirudisha pete zote mbili juu hadi mwisho, akaanza upya: chaki, mpira wa maji, upepo, jeki chini ya pua. Kulia bado kulikuwa chini kwa milimita 6. Akazungusha pete ya kulia duara mbili, akagusa skrubu bila kuikaza, akanituma nikajaze dizeli kwanza, maana tanki lilikuwa nusu na yeye hapimi gari lenye njaa.